Karatasi ya Mtu Haiguswi

Kosa langu lilikuwa na maneno matatu: "Nzuri sana, mama." Niliyaandika kwa kalamu ya wino, kwa ule mwandiko wangu wa kujionyesha, chini ya insha ambayo haikuwa nzuri sana, wala nzuri, wala nzuri kidogo. Nikaweka na alama ya vema pembeni, kubwa, yenye mkia, kama vile mimi ndiye mkaguzi wa elimu wa wilaya. Kwa wema huo nilimfelisha jirani yangu.

Nitaeleza, ila kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Wapo watu ambao Sydney imewapa bahari, mchanga na miguu ya kukimbia asubuhi. Mimi imenipa kochi. Zamani nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja huko Auburn, mpaka mgongo ukakataa, na tangu hapo nimekuwa waziri wa mambo ya ndani wa nyumba yetu. Mke wangu anauguza watu hospitalini. Mimi nauguza sufuria. Elimu yangu ni kidato cha nne cha Tanzania. Daraja nililopata tusilizungumzie, marehemu hasemwi vibaya.

Siku moja mke wangu alirudi kazini akanikuta nimekaa vilevile alivyoniacha, hata mto haukuwa umesogea.

"Baba," akasema, "utaota mizizi hapo. Nenda shule."

Nilidhani ni utani. Wiki iliyofuata nikajikuta nimeandikishwa darasa la Kiingereza katika chuo cha watu wazima pale Parramatta, tena sio Kiingereza cha kuomba tiketi. Kile cha kusoma hadithi na kuichambua.

Na nani nilimkuta kwenye treni, amebeba begi la shule mgongoni kama mtoto wa darasa la pili? Jirani yangu wa mlango kwa mlango.

Tunakaa Merrylands, fleti za matofali mekundu, ghorofa ya pili, mlango wake unatazamana na wetu. Ni mama wa Kikongo, wa upande wa Kivu, mkubwa kuliko mama yangu mdogo. Kabla ya kuletwa huku alikaa kambini miaka mingi, hiyo sikuwahi kumuuliza ni mingapi. Anafua na kupiga pasi mashuka katika nyumba ya wazee. Mimi kila nikimwona namwamkia shikamoo, na yeye kila siku ananijibu "Muzuri!" na hatujawahi kusuluhisha jambo hilo.

Tofauti yetu darasani ilikuwa hii: mimi niliandikishwa ili nitoke nje, yeye alijiandikisha ili aingie ndani. Alitaka uuguzi. Chuo cha uuguzi kilimwambia apite kwanza somo hili la Kiingereza. Na somo lenyewe lina insha moja kubwa, ya uhakiki, unayoruhusiwa kuirudia mara moja tu. Ukikosa tena, subiri mwaka mwingine.

"Mwaka ingine sina," aliniambia palepale kwenye treni. "Magoti yangu iko na mwaka moja tu ya kupanda ngazi ya shule. Kiisha hapo ni kiti na rozari."

Lazima mjue pia kwamba mama huyu haogopi kusema. Siku tuliyohamia alisimama mlangoni, akatazama mapazia yetu, akasema, "Ni nani alikufa?" Suruali yangu ya nyumbani aliipa jina ambalo siliandiki hapa. Ugali wangu hajawahi kuusifu. Mke wangu anampenda kupita kiasi, anasema amepunguziwa kazi ya kunisema.

Basi. Hadithi tuliyopewa ilikuwa fupi. Mzee mmoja katika mji mkavu anaombwa na majirani zake awamwagilie bustani wakati wakiwa safarini. Wanamwachia ufunguo. Hawarudi. Yeye anaendelea kumwagilia, msimu kwa msimu, watu wanamcheka. Inaishia hapo, mpira wa maji ukiwa bado mkononi. Tuliambiwa tuandike mwandishi anaitumiaje bustani hiyo kutuonyesha mzee ni mtu wa namna gani.

Siku ya kuleta rasimu, mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba wa hapahapa Australia ambaye hakai kwenye kiti, anakaa juu ya meza, akasema tukae wawiliwawili na tubadilishane insha. Kila mtu asome ya mwenzake, amwambie ameona mwandishi anadai nini, ushahidi uko wapi, na wapi amepotea njia. Hakuna kupeana maksi.

Mimi niliposikia "badilishaneni" sikusikia yaliyofuata. Kwetu kubadilishana madaftari tulikujua tangu shule ya msingi. Mwalimu anasoma majibu, wewe unamsahihishia jirani yako wa dawati, na jirani yako wa dawati anakusahihishia wewe. Ni mkataba. Mtoto mwenye akili timamu hampi mwenzake kosa huku daftari lake liko mikononi mwa huyohuyo.

Nikasoma insha ya jirani yangu. Alikuwa ameisimulia hadithi yote upya, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akaongeza mambo ambayo hayakuwemo: kwamba majirani walipata ajali, kwamba mmoja alipona. Kisha akahubiri. Ukurasa wa mwisho mzima ulikuwa juu ya mtumishi mwaminifu, na ulimalizika kwa amina. Nikatazama karatasi, nikamtazama yeye, mtu mzima, kilemba chake, miwani yake imeshuka puani, akiisoma yangu huku midomo inachezacheza. Nani amwambie mtu kama huyo kwamba hapa umepotea njia? Mimi, niliyelelewa kupokea mzigo wa mtu mzima hata kama ni kitambaa cha mkononi? Ndipo nikaandika yale maneno matatu.

Yeye alinirudishia yangu safi kama nilivyompa, bila hata nukta.

"Nimesoma," akasema. "Iko muzuri."

Nikafurahi sana. Huo ndio upumbavu wenyewe: mtu ambaye hajawahi kuusifu ugali wangu anaisifu insha yangu, nami nisishtuke.

Tukapeleka. Zikarudi. Yangu ilikuwa na maksi za kuvuka kwa kuchechemea. Yake iliandikwa kwamba irudiwe, na chini mwalimu aliuliza swali moja: "Msomaji wako alikuambia nini?"

Tulipanda treni. Milango ilipojifunga tu, akanigeukia.

"Weye ulisema iko muzuri," akaanza.

"Ndiyo, mama."

"Uliona iko muzuri?"

Nikatazama dirishani kana kwamba kituo cha Harris Park ni mji mgeni kwangu.

"Hapana, mama."

"Sasa?"

"Ilikuwa heshima."

"Heshima!" Akalifungua begi, akaitoa insha, akaiweka mapajani. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa mbele yetu akatusogezea macho. "Heshima itanivalisha nguo ya muuguzi? Mugonjwa akiniuliza dawa, nitamupa heshima?"

Nilikuwa na la kujibu, maana mtu aliyebanwa hakosi. "Na wewe, mama? Yangu ulisema nzuri. Mbona hukuweka hata nukta? Ugali wangu unausema mpaka watoto wangu wanazijua kasoro zake."

Tukashuka Merrylands, tukapita maduka, tukafika kwenye ngazi zetu ndipo akasimama, si kwa ajili ya magoti tu.

"Bugali ni bugali," akasema. "Karatasi ni kitu ingine. Kule kambi, mutu alikuwa na karatasi yake moja. Ukiandika juu yake kitu, hata kidogo, hata kama ni kumusaidia, benye kuisoma wanasema: hii ni nini? Nani aliandika? Kiisha safari yake imekufa. Niliona hivo. Karatasi ya mutu haiguswe, baba. Mukono yangu inakataa yenyewe."

Nikasema pole. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kochi langu, na kwa mara ya kwanza halikunifurahisha. Hapo tulikuwa watu wawili tuliopangwa kusaidiana: mmoja anaogopa umri, mwenzake anaogopa karatasi. Na kati yetu nafasi moja tu iliyobaki, tena ya kwake.

Mawazo yangu mengi huja nikiwa nimeshika mwiko. Jumapili iliyofuata nilikuwa napika, mke wangu yuko shifti, na jirani yangu akaja akitoka kanisani, bado amevaa kitenge chake cha ibada, amebeba bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Ndiyo desturi yetu. Yeye huleta mboga kwa sababu anasema mboga zangu za friji zinatia huruma. Akakaa kwenye kile kiti cha jikoni, akachungulia sufuria.

"Bugali hii inalia," akasema. "Hakuna mwenye kuituliza?"

Hapo ndipo likanijia. Huyu mama ananihakiki kila Jumapili, bure, na sijawahi kuumia hata siku moja. Ananiambia anachokiona, ananiambia ushahidi uko wapi, kwa kidole, na wapi nimepotea njia. Tatizo letu lilikuwa meza ya darasani. Jikoni tayari tulikuwa tunajua kazi.

"Mama," nikasema, "tufanye hivi. Kila ukitoa kosa moja la ugali wangu, na mimi naruhusiwa kosa moja la insha yako. Kwa mdomo tu. Hakuna anayegusa karatasi."

Akacheka mpaka kilemba kikasogea. "Utachoka weye wa kwanza. Haya. Kosa ya kwanza nimesha sema: inalia. Leta yako."

Nilimpa mgongo, nikasonga, nikasema nikitazama ukuta: "Mwalimu ile hadithi ameshaisoma. Kwa nini unamsimulia upya?"

"Juu hakuielewa."

"Nani, mwalimu?"

"Kama aliielewa, anatuuliza ya nini?"

Nikageuka. Alikuwa hatanii. Nikamwambia nadhani anataka kujua sisi tumeona nini humo, maana alichokiona yeye anakijua tayari. Akalitafuna hilo.

"Bon. Kosa ya pili: unga uliweka maji ikiwa baridi. Naona mabuje."

"Kosa la pili: ile ajali. Haimo kwenye hadithi."

"Lakini hawakurudia! Sasa walienda wapi?"

"Hatuambiwi."

"Ni mubaya, kutoambia watu."

"Ni mbaya, ndiyo, mama, lakini si sisi tulioandika."

Tukaendelea hivyo. Alisema mwiko wangu ni wa kukorogea uji wa mgonjwa. Mimi nikasema ukurasa wa mwisho ni mahubiri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya hatari, kama mahubiri ni kitu kibaya. Nikasema hapana, si kibaya, ila humo mzee wa watu kasahauliwa, amesimama na mpira wake hakuna anayemtazama. Hapo akakunja uso, akasema, "Hiyo ni kweli. Nilimuacha," kwa masikitiko, kana kwamba amemsahau kituoni.

Kisha ikafika zamu yangu na sikuwa na kosa. Nilikuwa na kitu kingine. Katikati ya kule kusimulia kwake kulikuwa na sentensi moja iliyonikwama tangu darasani, na kwa aibu yangu niliiruka ili niwahi kuandika pongezi. Alikuwa ameandika kwamba mzee ana ufunguo lakini hafungui geti. Anapitisha mpira juu ya uzio.

"Hiyo uliiona wapi?" nikamuuliza.

"Iko pale. Mara zote anamwangia akiwa inje. Hata siku moja hakuingia."

"Kwa nini?"

Alikuwa anatoa nyuzi kwenye ncha ya kitenge chake.

"Akiingia," akasema, "ataona nyumba haina kitu. Atajua. Akibakia inje, bado wako safari. Majani ni mabichi, wako safari." Akavuta nyuzi nyingine. "Kule kwetu kuna mutu niliachia ufunguo. Sijui kama aliingia."

Ugali ukashika chini, nikausikia unaungua na sikuutoa.

"Mama," nikasema, "hiyo ndiyo insha."

"Hiyo? Hiyo ni maneno tu."

"Yaandike hayo maneno kwanza, kabla ya yote."

"Na bugali yako inaungua," akasema, akajifuta macho, "na hiyo si kosa, hiyo ni dhambi."

Ilibaki karatasi. Mwalimu alitaka tuandike maoni yetu pembeni mwa rasimu mpya na tumpelekee. Bila hivyo hataipokea. Jirani yangu aliposikia akaikumbatia rasimu kifuani. Nikatafuta kwenye makorokoro ya watoto, nikapata penseli yenye kifutio kichwani, nikaandika nayo neno kwenye bahasha ya bili, nikalifuta mbele yake. Akaichukua, akajaribu mwenyewe, akafuta, akapuliza vumbi lake.

"Penseli, sawa," akaamua. "Penseli haina nguvu ya serikali."

Basi kwa penseli. Aliandika upya baada ya kazi, mikono bado inanuka sabuni ya mashuka, na kila akimaliza aya ananigongea mlango. Mimi nachora mstari mwembamba, nauliza swali dogo pembeni. Yeye anasoma swali, ananitukana kidogo, anaenda kujibu. Sentensi ya geti ilipanda ikawa ya kwanza. Ajali ikatoka. Mahubiri yakapungua mpaka ikabaki sentensi moja, hiyo akakataa katakata kuitoa. "Kidogo," akasema, "sawa chumvi." Nikaiacha. Ilikuwa mahali pake.

Siku ya majibu mwalimu alipita akiweka karatasi juu ya meza, zimegeuzwa chini. Jirani yangu aliweka viganja vyake viwili juu ya yake, akaibana kama vile itaruka.

"Geuza weye," akaniambia.

"Karatasi ya mtu haiguswi, mama."

Alinipiga kofi la mkononi lililosikika mpaka kwa mwalimu. Nikaigeuza. Amepita. Hakupita kwa kuchechemea kama mimi, amepita amenyooka. Na pembeni mwa ile sentensi ya geti mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu: "Ndiyo."

Alilisoma hilo neno muda mrefu kuliko alivyosoma maksi. Kwenye treni alimwonyesha yule mama wa Kihindi, ambaye bahati nzuri alikuwepo, na mama yule akampigia makofi bila kujua ni ya nini. Barua ya chuo cha uuguzi ilikuja baadaye; anaanza mwakani. Mke wangu ameshamtafutia viatu vya kazi, vile vyeupe visivyoteleza, na anavivaa ndani ya nyumba kuvizoeza. Namsikia ng'ambo ya korido akitembea.

Na mimi? Mimi, mwalimu stadi wa kando ya sufuria, nilivuka insha ile, nikaingia somo la juu yake, na kujikwaa kwenye insha ya kwanza. Imerudi: iandikwe upya. Mke wangu amecheka, kisha akanipikia chai, kisha akacheka tena. Lakini nimegundua jambo la ajabu, kwamba nataka kuiandika. Mtu mzima mwenye kochi lake, nataka kurudi Parramatta.

Jumapili iliyopita jirani yangu aliingia akiwa na viatu vyake vyeupe. Nikamwekea ugali, nikamwekea na insha yangu kando yake, na penseli. Akaisogeza penseli pembeni.

"Lete kalamu," akasema.

Nikampa kalamu ya wino. Akashusha miwani, akaanza kusoma, na nikajua anasoma kweli, kwa sababu alikula matonge mawili ya ugali wangu bila kutoa kosa hata moja. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeeleza fasihi ni nini. Wa pili, uhakiki ni nini, na umuhimu wake kwa jamii. Wa tatu nikawa nimeomba radhi kwa ufupi wa nafasi, kisha nikaanza kuizunguka hadithi taratibu, kwa adabu, kama tulivyofundishwa kwetu. Kalamu yake ikatua juu ya ukurasa wa kwanza. Mkono haukukataa. Akapiga mstari, akafungua ukurasa, akapiga mwingine, akafungua, akapiga, mpaka alipofika mahali fulani katikati ya ukurasa wa nne akazungushia duara sentensi moja, ya kwanza kuigusa hadithi yenyewe. Akainua macho.

"Baba," akasema, "unaandika sawa mutu anapiga hodi mpaka benye nyumba banalala. Ingia!"